Ukuta Unaolia Usiupake Rangi

Ndugu wasomaji, mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii dawa wala chanjo. Unazungumzia ukuta. Huenda mtu akauliza, ukuta na afya wapi na wapi? Namwomba awe na subira. Mimi mwenyewe niliwahi kuuliza hivyo hivyo, na jibu nililipata kwa gharama.

Baba yetu alipofariki, sisi watoto tuliamua kuitengeneza nyumba aliyotuachia. Ni nyumba ya mlimani huku Ngara, ya matofali mabichi juu ya msingi wa mawe, yenye paa la bati. Aliijenga kabla baadhi yetu hatujazaliwa. Kama zilivyo nyumba nyingi za milima yetu, kiwanja chake kilipatikana kwa kuchimba mteremko: mbele kuna uwanja mzuri wa kuanikia maharage, na nyuma kuna ukingo wa udongo uliosimama hatua mbili tu kutoka ukutani. Tulichanga fedha. Sebule ikapata vigae vya sakafuni, dari mpya na rangi nzuri. Ukuta wa chumba cha nyuma ulikuwa na madoa, basi tukamwambia fundi aupige lipu ya simenti na kuupaka rangi kama kwingine. Misa ya kumwombea marehemu ikafanyika, wageni wakaisifu nyumba, nasi tukarudi makazini kwetu tukiwa tumeridhika.

Mama alibaki akilala chumba kile cha nyuma pamoja na wajukuu wawili. Mvua za masika zilipokolea, akaanza kukohoa. Mjukuu mdogo naye kifua kikawa kinapiga filimbi usiku. Walikwenda zahanati mara tatu, na mara tatu wakarudi na dawa. Mama alipimwa makohozi, kifua kikuu hakikuonekana. Dawa zikiisha, kikohozi kinarudi.

Siku moja fundi mwashi mzee, jirani yetu, alikuja kumjulia hali. Alisimama mlangoni akanusa, akaenda moja kwa moja ukutani, akagonga kwa kidole. Ukuta ukatoa sauti ya debe tupu. Akachomeka ncha ya kisu, na lipu yetu nzuri ikabanduka kipande kizima, upana wa ungo. Nyuma yake matofali yalikuwa yamerudi kuwa tope, na juu ya tope umeota ule ukungu mweusi tunaouita kuvu. Mzee yule alituambia wazi kwamba tumemlaza mama yetu kando ya mto.

Tangu hapo nina maoni ambayo nimeona yafaa kuyatoa mbele ya familia zetu zote. Tunapotengeneza nyumba ya zamani, fedha ya kwanza iende kuzuia maji, na chumba cha kwanza kushughulikiwa kiwe cha yule aliye dhaifu kuliko wote. Vigae, dari na rangi vitafuata. Sisi tulifanya kinyume, na naogopa wengi wetu tunafanya kinyume.

MAJI HUINGIAJE?

Tufanye hesabu ndogo. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya eneo la mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Chukua paa la nyumba ya kawaida, tuseme mita 10 kwa mita 8, yaani mita za mraba 80. Mvua moja nzuri ya milimita 25 italimwagia paa hilo lita 2,000. Hayo ni mapipa 10 ya lita 200, katika mvua moja! Sasa jiulize: kama nyumba haina mifereji ya bati, yaani gata, mapipa hayo huenda wapi? Huanguka chini ya ukingo wa paa, karibu kabisa na mguu wa ukuta. Mengine huruka na kuurushia ukuta matope, mengine huzama taratibu hadi kwenye msingi.

Maji huingia kwa njia kuu tatu. Njia ya kwanza ni juu: tundu la msumari wa bati uliolegea, kofia ya paa iliyoinuliwa na upepo, au ile kona ambapo mapaa mawili yanakutana. Maji ya juu ni wadanganyifu. Hutembea kwenye mbao za kenchi na kudondoka mbali na tundu lenyewe, hata unakuta doa liko sebuleni na tundu liko juu ya chumba cha watoto.

Njia ya pili ni chini. Tofali hunywa maji kama utambi wa taa unavyonywa mafuta ya taa. Nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa karatasi ya lami au nailoni nzito kati ya msingi na ukuta ili kuuzuia unyevu usipande. Basi unyevu hupanda, mara nyingi hadi kimo cha nyonga, na huacha alama ya unga mweupe kama chumvi.

Njia ya tatu ni ubavuni: ufa wa ukuta, kizingiti cha dirisha kilichoinamia ndani badala ya nje, na kwetu mlimani ule ukingo wa udongo ulioegemea ukuta wa nyuma. Hapa nikumbushe pia tetemeko la ardhi la tarehe 10 Septemba 2016, lililoitikisa Kagera na kuumiza hasa Bukoba. Ukuta uliopata ufa siku ile, na ufa huo ukazibwa juu juu tu, bado una mlango ulio wazi kwa maji.

UNYEVU UNATUFANYA NINI?

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mzima juu ya unyevu na kuvu ndani ya nyumba. Ulieleza kwamba wanaoishi katika nyumba zenye unyevu hupatwa zaidi na kikohozi, kubanwa kifua, mafua ya mzio na pumu. Jambo la kuzingatia ni kwamba mwongozo huo haukuweka kiasi fulani cha kuvu kinachoweza kuvumiliwa ndani ya nyumba. Ulihimiza unyevu wenyewe uzuiwe.

Kuvu hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho, nalo hupeperuka na kuvutwa pamoja na hewa. Mtu mwenye afya njema anaweza asione neno. Bali mtoto mchanga, mzee, mwenye pumu, na yule ambaye kinga ya mwili wake imepungua, hao ndio huumia kwanza. Na tuseme ukweli: hao hao ndio tunaowapa chumba cha nyuma. Sebule nzuri ni ya mgeni, chumba kikavu ni cha mwenye fedha, na ukuta unaolia huachiwa bibi na wajukuu.

Pamoja na hayo, msomaji asinielewe vibaya. Mtu anayekohoa wiki 2 au zaidi aende hospitali akapimwe kifua kikuu, hata kama ukuta wake umelowa chapachapa. Moshi wa jikoni nao unakohoza. Ukuta mbovu haumzuii mtu kuwa na ugonjwa mwingine. Ninachosema ni kwamba ukitibu kifua na kuuacha ukuta, unachota maji kwa pakacha.

Tena madhara si ya kifua tu. Mbao iliyolowa huliwa na mchwa na kuoza, na siku moja kenchi inashuka. Mahali palipofika umeme, ukuta wenye maji karibu na swichi ni hatari ya kifo. Na ukuta wa matofali mabichi uliolowa miguuni hauwezi kubeba mzigo wake. Huanguka, na mara nyingi huanguka usiku wa mvua, watu wakiwa wamelala.

MCHUNGUZE MGONJWA AKIWA NA HOMA

Daktari mzuri humpima mgonjwa wakati homa imepanda. Nyumba nayo ichunguzwe wakati wa mvua, siyo mwezi wa Julai kila kitu kikiwa kikavu. Hapahitajiki vyombo vya gharama:

1. Tumia pua. Chumba kikifungwa usiku kucha na asubuhi kikanuka kama gunia lililolowa, unyevu upo hata kama huuoni. Sogeza kabati na kitanda, maana kuvu hupenda kujificha nyuma yake.

2. Gonga ukuta kwa kidole. Lipu iliyoshikamana hutoa sauti nzito. Lipu iliyoachana na ukuta hutoa sauti ya utupu.

3. Panda darini mchana huku mvua inanyesha, ukiwa na tochi. Tafuta mwanga unaopenya na mbao zenye rangi nyeusi. Choma mbao kwa msumari. Ukizama kama kwenye muhogo uliochemka, mbao hiyo imekwisha.

4. Chora kwa penseli kuzunguka doa na uandike tarehe. Baada ya wiki mbili angalia kama doa limevuka mstari.

5. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe kingo zote kwa gundi ya karatasi, ukiache siku 2. Ukikuta matone upande wa ukuta, maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukikuta matone upande wa chumbani, ni mvuke wa pumzi na mapishi, na dawa yake ni kufungua madirisha.

Mtu aliyefanya hayo atajua la kumwambia fundi. Asiyeyafanya atauziwa rangi.

SIMENTI SI BANDEJI YA KILA KIDONDA

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi, wakiwamo mafundi wetu vijana. Siku hizi ukuta wowote ukionyesha doa, jibu ni simenti. Lakini ukuta wa udongo au wa chokaa huhitaji kupumua: maji yaliyoingia sharti yapate njia ya kutoka. Simenti ni ngumu, haifuati mwendo wa udongo. Hupasuka nyufa nyembamba, maji huingia kwa nyufa hizo, kisha hukosa pa kutokea. Nyuma ya lipu inayong'aa, ukuta unageuka uji. Ndivyo ilivyotokea kwa mama. Kwa ukuta wa matofali mabichi, lipu ya udongo uliochanganywa vizuri na mchanga na majani, kisha kupakwa chokaa, ni ya bei nafuu na ni salama zaidi. Ikichakaa unaitengeneza.

Waashi wa pwani wanaufahamu vizuri mgogoro huu, kwa kuwa majumba ya Mji Mkongwe wa Zanzibar yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko, na wataalamu wa kuyatunza wamekuwa wakihimiza chokaa itengenezwe kwa chokaa. Na kutoka huko huko tumepata onyo. Beit el-Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa limekwisha kuporomoka sehemu mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, Sikukuu ya Noeli, sehemu nyingine kubwa ilianguka wakati kazi ya kulikarabati ikiendelea, na watu wawili wakapoteza maisha. Ikiwa jumba lile kubwa liliweza kuangukia wanaolikarabati, sembuse nyumba ya baba yako mlimani? Kabla ya kubomoa lipu au kung'oa tofali lolote la chini, weka nguzo za kuegemeza, na watu wasilale ndani.

Nasi hapa nyumbani tunayo ya kujifunza. Boma la Wajerumani pale Biharamulo limesimama tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Hata babu zetu wenye msonge hawakuwa wajinga: paa la nyasi lilishuka mpaka karibu na ardhi, hivyo mvua haikupata nafasi ya kuugusa ukuta. Sisi tumeleta bati, tukafupisha ukingo wa paa ili kuokoa bati moja au mawili, na ukuta ukabaki bila mwavuli.

KUHANI NA NYUMBA YENYE UGONJWA

Jambo hili ni la kale kuliko tunavyodhani. Msomaji afungue kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 14, kuanzia aya ya 33. Atakuta sheria ya nyumba iliyoota madoa ya kijani au mekundu yaliyozama ukutani. Pameitwa ukoma, ingawa si ule ukoma wa ngozi tunaoufahamu leo. Tazama utaratibu uliowekwa. Kwanza vyombo vinatolewa nje. Kisha kuhani anaingia kuangalia. Nyumba inafungwa siku 7, halafu inaangaliwa tena. Madoa yakiwa yameenea, mawe yenye ugonjwa yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, ukuta wote unakwanguliwa ndani, yanawekwa mawe mengine na lipu nyingine. Madoa yakirudi, nyumba inabomolewa.

Kuchunguza, kungoja, kuchunguza tena, kuondoa kilichooza, ndipo kupiga lipu. Hakuna mahali palipoagizwa kupaka rangi juu ya madoa ili wageni wasione.

TUTENGENEZE KWA MPANGILIO

Kazi yenyewe ifanyike kiangazi, Juni hadi Agosti, baada ya uchunguzi wa masika. Mpangilio uwe huu:

Kwanza paa: misumari, kofia na kona. Ukingo wa paa utokeze angalau nusu mita, na ukizidi ni bora zaidi.

Pili gata, ili yale mapipa 10 yaingie kwenye tangi na si kwenye msingi. Tangi lifunikwe vizuri mbu wasizaliane humo, na gata zisafishwe majani.

Tatu mtaro kuzunguka nyumba, wenye mteremko wa kupeleka maji mbali. Kwa nyumba za mlimani, udongo ulioegemea ukuta wa nyuma uondolewe kabisa, na mtaro uwe chini kuliko sakafu.

Nne, bandua lipu iliyoachana na ukuta, ondoa matofali yaliyooza kidogo kidogo, na uache ukuta ukauke. Ukuta mnene huchukua wiki nyingi, pengine miezi. Uvumilivu huu ndio unaotushinda, lakini hauna mbadala.

Tano, kusafisha kuvu. Watoto na wagonjwa watoke. Anayesafisha afunike pua na mdomo, avae glavu, alowanishe kwanza ndipo asugue kwa maji na sabuni. Asikwangue kuvu kavu, maana atalipeperusha nyumba nzima. Godoro na dari ya mbao laini vilivyoota kuvu hadi ndani vitupwe.

Sita, ndipo lipu. Saba, ndipo rangi.

JUMUIYA ZETU ZINAWEZA

Najua wengine watasema kwamba hayo ni ya wenye fedha. Hapana. Jembe la kuchimba mtaro lipo kila nyumba. Kugonga ukuta hakulipiwi. Ndani ya jumuiya zetu ndogo ndogo wapo wajane na wazee ambao watoto wao wako mbali, nao hawawezi kuondoa ukingo wa udongo wenyewe. Watu kumi wenye majembe humaliza kazi hiyo Jumamosi moja. Hata kamati zinazosimamia nyumba za kigango na parokia, kabla ya kununua rangi kwa ajili ya sherehe, zipande kwanza darini na tochi.

Kwa mama, tulirudi na kuanza upya. Tulibandua lipu yetu ya simenti kwa mikono yetu wenyewe, tukaondoa udongo wa nyuma, tukachimba mtaro na kufunga gata. Kiangazi chote alilala sebuleni, juu ya vigae tulivyowawekea wageni. Masika yaliyofuata mjukuu alilala usiku bila kifua kupiga filimbi. Mama bado hukohoa kidogo asubuhi, na haulaumu ukuta. Mimi naulaumu, na ninajilaumu pia.

Basi, ndugu msomaji, mvua ijayo ikianza kunyesha, usikae sebuleni. Nenda chumba cha nyuma, sogeza kitanda cha bibi, uweke kiganja ukutani. Ukitoka na maji, unajua pa kuanzia.